Makarani Wawili, Daftari Moja

Wazee waliokua zama za Mwingereza watalikumbuka bomba la fliti. Kilikuwa kikopo cha bati chenye mpini wa kusukuma mithili ya pampu ya baiskeli, na jioni mtu alipita nacho chini ya vitanda akinyunyizia mbu na kunguni. Jina lilitokana na Flit, dawa ya wadudu kutoka Marekani. Baadaye ikaja DDT, ambayo sisi wa mikoa ya pamba tuliijua shambani na nyumbani pia. Nadhani ni wachache wanaojua kwamba majina hayo mawili yamo vilevile katika historia ya kompyuta. Katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1950 ilipokuwa ikimalizika, Thomas Stockham na Jack Dennis waliiandikia mashine moja iitwayo TX-0 programu ya kuchunguzia programu nyingine, wakaiita FLIT. Mashine ya PDP-1 ilipofika chuoni hapo mwaka 1961, programu ya namna hiyo ikaitwa DDT. Mzaha wao ulikuwa wazi. Kosa lililojificha ndani ya programu wao huliita mdudu, na mdudu hupigwa dawa.

Jina hilo la mdudu ni la zamani kuliko kompyuta, maana Thomas Edison alikwisha kulitumia kwa hitilafu za mitambo yake katika karne ya 19. Lakini kisa kinachopendwa zaidi ni cha tarehe 9 Septemba 1947, pale Harvard, mafundi walipomkuta nondo halisi amenasa ndani ya mashine ya Mark II, wakambandika kwa gundi ya karatasi katika daftari la kumbukumbu za kazi. Daftari limehifadhiwa, na nondo mwenyewe yumo.

Chombo cha kuwasaka wadudu hao nitakiita dibaga, kwa kuwa ndivyo vijana wanavyosema. Wataalamu wa istilahi walitupatia ngamizi, Wakenya wakapewa tarakilishi, na watu wote sokoni wakaendelea kusema kompyuta. Sioni sababu ya kushindana na soko. Kazi ya dibaga ni kuisimamisha programu katikati ya mwendo wake, kumwezesha mtu achungulie ina nini kichwani wakati huo, kisha kuiruhusu isogee hatua moja, na moja tena, hadi mahali inapopotoka.

Kwa miaka mingi hilo lilitosha, kwa sababu programu ilikuwa kama ofisi yenye karani mmoja. Karani huyo hushika kazi ya kwanza, akaimaliza, ndipo akashika ya pili. Akikosea unamkalisha, mnalipitia daftari lake mstari kwa mstari, na kosa linaonekana. Programu za leo, hata ile iliyomo katika simu ya mkononi, ni ofisi yenye makarani wengi. Kila mmoja ana kazi yake, wote wamo mwendoni kwa wakati mmoja, na wote huandika katika daftari lilelile, yaani kumbukumbu ya mashine. Karani wa namna hiyo wataalamu humwita uzi, na programu yenye makarani wengi ni programu ya nyuzi nyingi. Mpanga zamu wao ni mfumo unaoiendesha kompyuta. Huyo humsimamisha mmoja na kumruhusu mwingine mara nyingi sana katika sekunde moja, wala hamwulizi aliyeandika programu ni wapi pa kukatiza. Na tangu mwaka 2005 hivi, kompyuta za kawaida za mezani zilipoanza kuuzwa zikiwa na bongo mbili ndani ya kifaa kimoja, makarani wamekuwa wakitembea kweli bega kwa bega.

Sisi wa Buseresere hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mji wetu umeungana na Katoro kiasi kwamba mgeni hajui amevuka wapi, lakini Katoro imo Wilaya ya Geita na Buseresere imo Chato, na kabla ya Mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012 huko kulikuwa Mwanza na huku kulikuwa Kagera. Soko moja, mikoa miwili. Anayekaa mahali kama hapa anajua kwamba watu wawili wanaweza kufanya kazi zao kwa haki kabisa, kila mmoja kwa kanuni zake, na bado hesabu ikaharibika pale wanapokutana.

Aliyeliweka tatizo hili katika maandishi ya kitaalamu ni Mholanzi, Edsger Dijkstra, mwaka 1965. Aliuliza namna ya kuwaruhusu watenda kazi kadhaa watumie kitu kimoja pasipo kugongana, na katika majibu yake akaazima jina la semafo, ule mkono wa ishara wa kwenye reli. Nani amepata kusafiri kwa treni ya Mwanza asijue maana yake? Reli hiyo iliyofika Mwanza mwaka 1928 ni ya njia moja. Treni hukaa stesheni, Malampaka au kwingineko, abiria wakanunua karanga wakazila zikaisha, kwa sababu treni nyingine bado imo njiani na haiwezekani mbili ziwemo. Dijkstra alitaka uzi nao ukae stesheni namna hiyo mpaka njia iwe wazi.

Mwaka huohuo wa 1965 kompyuta ya kwanza ilifungwa Tanzania, Dar es Salaam, katika Wizara ya Fedha. Yaliyofuata yanajulikana kidogo kuliko yanavyostahili. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mashine kazi ilivurugika, hasara ikawa kubwa, Hazina ikarudi kwenye hesabu za mkono, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980. Vijana huyacheka. Mimi siyacheki sana, na sababu yangu itaonekana mbele.

Kwanza nieleze jinsi mdudu wa nyuzi anavyoweza kuua. Kampuni ya AECL ya Kanada ilitengeneza mashine ya mionzi ya kutibu saratani, jina lake Therac-25. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita katika Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji wa mashine alikuwa mzoefu na mwenye vidole vyepesi. Aliandika herufi ya aina moja ya mionzi mahali pa nyingine, akarudi, akasahihisha, akaendelea. Wakati huo sehemu nyingine ya programu ilikuwa ikipanga sumaku za mashine, kazi ya sekunde 8 hivi. Akimaliza kusahihisha kabla ya sekunde hizo kwisha, sahihisho lake lilionekana kiooni lakini halikufika kote ndani ya mashine. Wahandisi wa kiwanda walipojaribu hawakuona tatizo lolote, maana waliandika polepole. Mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile pamoja na mwendeshaji mwenyewe ndio waliokaa na mashine wakairudia kazi tena na tena, mpaka wakaweza kulileta kosa kwa kutaka. Ukiusoma mstari mmoja mmoja wa programu kama hiyo unaweza kuukuta hauna dosari. Dosari imo katika nani alitangulia.

Ndiyo maana dibaga ya kuandika amri moja na kupata jibu moja ilianza kupwaya. Mwaka 1982 Rob Pike na Bart Locanthi wa Bell Labs, Marekani, walitengeneza Blit, kioo chenye madirisha mengi na kipanya cha kuchagulia. Kwa ajili ya kioo hicho mwenzao Thomas Cargill aliandika dibaga aliyoiita Pi, ambayo ilimwezesha mtu kufungua madirisha juu ya programu kadhaa zikiwa zinakwenda, akazitazama pamoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo mlango ulipofunguka. Richard Stallman alipotoa GDB mwaka 1986 ilikuwa bado ya maandishi matupu, lakini katika miaka ya 1990 Andreas Zeller na Dorothea Lütkehaus wa Braunschweig, Ujerumani, waliivalisha vazi la picha wakaliita DDD, na data zikachorwa kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Mwaka 1995 kanuni za nyuzi ziliwekwa rasmi kwa mifumo ya jamii ya Unix, na lugha ya Java iliyotangazwa mwaka huohuo ikazitia mikononi mwa kila mwandishi wa programu, aliye tayari na asiye tayari. Eclipse ilipotolewa mwaka 2001 bila malipo, hata mtu wa Chato mwenye kompyuta iliyochakaa akapata chombo ambacho miaka ishirini nyuma kilikuwa cha maabara kubwa.

Dibaga ya namna hiyo huonyesha upande mmoja orodha ya nyuzi zote zilizo hai. Ipo inayokwenda, ipo iliyosimamishwa, ipo inayongoja. Chini ya kila uzi kuna mrundiko wa miito, yaani nani alimtuma nani mpaka kufika hapa, na ukibofya ngazi yoyote ya mrundiko huo unaona tarakimu zilizomo mkononi mwa karani wakati huo. Vilevile huonyesha nani ameshika kufuli gani na nani anamngoja nani.

Lakini iko taabu moja, na ndiyo inayoifanya kazi hii iwe tofauti na kusaka mdudu wa kawaida. Ukimsimamisha karani mmoja ili umtazame, wengine wanapata nafasi ambayo wasingeipata, mwendo unabadilika, na kosa linaondoka. Ukiacha kutazama, linarudi. Katika maandishi ya Jim Gray ya mwaka 1985 mdudu wa aina hii alipewa jina linalomkumbusha Heisenberg, mwanafizikia Mjerumani aliyefundisha kwamba kupima chembe ni kuivuruga. Mkulima wa pamba wa kanda hii angeelewa bila fizikia. Manung'uniko juu ya mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha wakulima nyuma ya Paul Bomani katika chama chao cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na baadaye katika VFCU, muungano wa vyama vya ushirika ulioandikishwa mwaka 1955. Kila mtu alijua kwamba mzani hupima sawasawa siku mkaguzi amesimama karibu.

Dawa mojawapo ni kuurekodi mwendo wote, kisha kuuchezesha upya kama kanda. Watu wa Mozilla walitoa mwaka 2014 chombo kiitwacho rr kinachofanya hivyo, kwa kuzilazimisha nyuzi zipokezane zamu moja moja na kuandika kila zamu. Dawa ya pili ni ya kimabavu, na nitaieleza kwa kisa cha hapa hapa.

Mwaka 2016 mama mmoja wa Buseresere mwenye duka la vifaa vya ujenzi na vya wachimbaji wadogo, saruji, mabati, sululu na makarai, aliniita. Mimi nilipata kufundisha hesabu na baadaye nikajifunza kuandika programu, kwa hiyo watu hunipelekea matatizo ya aina zote mbili. Duka lilikuwa na kaunta mbili, ya jumla na ya rejareja, kila moja na kompyuta yake, zote zikihudumiwa na programu moja ya stoo iliyoandikwa na kijana wa mjini. Kila mwisho wa mwezi mifuko iliyohesabiwa stoo ilikuwa pungufu ya ile iliyoonyeshwa kiooni. Mama alikwisha kumpata mwizi. Alikuwa binti wa kaunta ya rejareja, na alikuwa amepewa hadi Jumamosi.

"Mwalimu," aliniambia, "mashine haina ndugu wa kumpelekea saruji."

Binti aliniamkia, akanipa kiti, hakusema neno jingine. Nikaomba vishina vya risiti. Nilivijumlisha alasiri nzima, na fedha zote zilikuwapo hadi senti. Mifuko iliyokosekana ilikuwa imeuzwa kihalali na kulipiwa. Ila kioo hakikujua.

Kijana aliyeiandika programu alipokuja alikataa kwanza, na hakuwa mjeuri. Alikuwa ameijaribu mara nyingi mezani kwake, peke yake, mteja mmoja baada ya mwingine. Tukaifungua ndani ya Eclipse. Sehemu ya kuuza ilikuwa na hatua tatu tu: soma salio, toa mauzo, andika salio jipya. Tukaweka kituo cha kusimama kati ya hatua ya pili na ya tatu, na hapa pana jambo dogo ambalo wengi hulipita. Dibaga hii inakuruhusu uchague kituo kisimamishe programu nzima au kisimamishe uzi ule mmoja uliokifikia. Tulichagua uzi mmoja.

Salio lilikuwa mifuko 200. Kaunta ya jumla ikauza 10. Uzi wake ukasoma 200, ukatoa 10, ukasimama pale kituoni na 190 mkononi, haujaandika. Kaunta ya rejareja ikauza 5. Uzi wake nao ukasoma 200, kwa kuwa daftari lilikuwa bado halijaguswa, ukasimama na 195. Kiooni tukawaona wote wawili, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ameshika tarakimu yake na kila mmoja ana haki. Kijana akabofya wa jumla aendelee, salio likawa 190. Akabofya wa rejareja, salio likawa 195. Mifuko 15 imetoka na daftari linasema imetoka 5. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaomba arudiwe, tukarudia, safari hii tukimtanguliza wa rejareja, na daftari likaishia 190.

Hiyo ndiyo dawa ya kimabavu. Badala ya kungoja bahati iwakutanishe makarani wawili katika nukta moja ya sekunde, unawashika mkono na kuwakutanisha mwenyewe. Siku ya soko mkutano huo ulitokea wenyewe mara kadhaa. Mezani kwa kijana usingetokea hata mwaka mzima.

Kuna nchi ambayo haikuomba vishina vya risiti. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walioendesha posta ndogo za mitaani walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, kwa kutegemea tarakimu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na mmoja alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito. Horizon ilikuwa na kasoro za aina nyingi, wala sisemi zote zilikuwa za makarani kugongana. Lakini mojawapo, iliyopewa jina la Callendar Square kutokana na posta ya Falkirk, Scotland, ni jamaa wa karibu wa ile ya saruji yetu. Kufuli ndani ya programu halikuachiwa kwa wakati, kaunta moja ikakosa habari za mwenzake, na uhamisho uliokwisha kupokelewa ukaweza kupokelewa tena. Jaji aliyetoa hukumu mwezi Desemba 2019, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, alikubali kwamba kasoro hiyo ilikuwapo tangu 2000 hadi 2006. Bunge la huko lilifuta hukumu zile kwa sheria ya mwaka 2024. Sisi mwaka 1974 tuliifukuza mashine kwa sababu hatukuiamini. Wao waliiamini kuliko majirani zao. Nikilazimishwa kuchagua kati ya makosa hayo mawili, naona letu lilikuwa na gharama ya fedha na lao lilikuwa na gharama ya watu.

Dukani kijana alitia kufuli: anayesoma salio analishika mpaka amalize kuandika, na mwenzake angoje stesheni. Kwa miezi miwili hesabu zilikuja sawasawa. Kisha mama akafungua duka la pili upande wa Katoro, na siku moja kompyuta zote zikaganda. Tukaifungua dibaga tena, na safari hii haikuhitaji hata kituo. Uzi mmoja ulikuwa unahamisha mabati kutoka Buseresere kwenda Katoro; umeshika kufuli la Buseresere, unangoja la Katoro. Wa pili ulikuwa unarudisha saruji kutoka Katoro; umeshika kufuli la Katoro, unangoja la Buseresere. Chombo kiliwaandika hivyo hivyo, nani kashika nini na nani anamngoja nani, na ungeweza kuwaacha wangojane mpaka masika. Ukapangwa utaratibu kwamba mwenye kuhitaji makufuli mawili aanze siku zote na la Buseresere, hata kama mzigo unatoka Katoro. Watu wa Katoro walipoambiwa walisema huo ni upendeleo.

Binti yule alipandishwa akapewa kaunta ya jumla. Vishina vya risiti mama bado anaviweka katika boksi la sabuni chini ya kaunta, na kila Jumamosi jioni huvijumlisha mwenyewe kwa kalamu.